Mablanketi ya Malik Shafqat

Blanketi lilikuwa na joto.

Shagufta Bhatti aliliwekea mkono asubuhi ya Jumatatu, mwezi wa Februari, ndani ya ghala lake la mjini Keighley, Uingereza, ambamo hata maji ya ndoo yalikuwa yameganda, akahisi joto kama la mgongo wa mtu aliyelala. Akautoa mkono upesi. Mablanketi hayo ya kufungia makabati na meza yalirudi juzi kutoka kwa dobi, na tangu juzi hakuna aliyeyagusa.

"Derek," aliita. "Njoo ushike hapa."

Derek alikuwa ameendesha magari ya kampuni kwa miaka kumi na minne, tangu enzi za mumewe Shagufta, mzungu mnene wa hapo hapo Yorkshire asiyeamini Mungu wala daktari. Akashika.

"Panya wamezaa humo, bosi."

Lakini alijifuta kiganja kwenye suruali, na siku nzima hakuacha kukifuta.

Biashara ya kuhamisha vyombo Shagufta aliachiwa na marehemu mumewe: magari mawili na jina zuri. Wiki hiyo jina likaanza kuchafuka. Jumatano walikuwa wanateremsha kabati la bibi mmoja, na katikati ya ngazi kabati likakohoa. Haukuwa mlio wa mbao. Kilikuwa kikohozi kikavu cha kifua cha mtu, kikafuata cha pili, kikafuata cha tatu, kama watu wamepangwa humo ndani. Bibi akauliza ni nani anaumwa. Derek akasema ni yeye.

Alhamisi ikaja harufu: sabuni kali, nywele mbichi, jasho la mtu mwenye hofu. Ijumaa adhuhuri Shagufta alikuwa peke yake ghalani, na rundo la mablanketi likamnong'oneza kwa lugha ya mama yake, Kimirpuri kile kile cha kijijini kwao Pakistani: "Dada, funga mlango. Dada, usiulize."

Akamwita Bibi Zohra, mwanamke wa mtaa wa pili aliyejulikana kwa kusomea maji. Bibi akasoma, akanyunyiza, akalisogelea rundo, kisha akarudi nyuma hatua mbili.

"Jini huyu simtoi," alisema kwa sauti ya chini.

"Kwa nini, shangazi?"

"Hakai hapa. Hapa amekuja kukunusa tu. Anakaa mahali ambapo watu wamefungiwa kwa nje, na chakula chake ni kilio chao. Haya mablanketi anakuoshea nani, binti yangu, kwa bei rahisi hivyo?"

Shagufta alimjua. Malik Shafqat, rafiki wa mumewe, aliyeendesha udobi ndani ya kiwanda cha zamani cha sufu kule mtoni. Mwaka uliopita Shagufta alimpelekea fomu ambayo kila anayemuuzia kitu alitakiwa kuijaza: wafanyakazi wako wako huru kuondoka? Pasi zao za kusafiria wanashika wenyewe? Malik alijaza ndiyo kila mahali, kwa mwandiko wa kupendeza, na Shagufta akaitia kwenye faili akalala usingizi. Hakuwahi kwenda kutazama. Mablanketi yaliletwa mlangoni, masafi, na yeye aliridhika.

Aliwapigia polisi. Wakaandika kila kitu, wakasema asubiri, wanakuja.

"Twende," alimwambia Derek.

"Tumeambiwa tusubiri, bosi."

"Tutasubiri huko huko."

Malik aliwapokea mlangoni, tasbihi mkononi, ananukia manukato.

"Dada yangu! Ungepiga simu ningekuletea."

"Nimekuja kuwaona wanaoniosha mablanketi."

"Wamekwenda kula."

"Wote?"

Malik akashusha sauti. "Tunajuana, dada. Mumeo hakunivunjia heshima hata siku moja. Leo utawauza watu wako kwa wageni?"

"Watu wangu ndio niliowafuata. Nipishe."

Akampita. Ukumbi ulikuwa mrefu na wenye giza japo nje ilikuwa saa nane mchana, na kadiri alivyokwenda joto lilizidi, ile harufu ya sabuni na nywele mbichi ikamjaa puani, na nyuma ya ukuta vikohozi vikaanza kutembea naye, hatua kwa hatua, akisimama vinasimama, akienda vinakwenda, mpaka akafika kwenye mlango wa chuma wenye kufuli kubwa upande wa nje, na chini ya mlango huo, pamoja na mvuke, ikatoka sauti ya mumewe aliyemzika kwa mikono ya watu wanne miaka sita iliyopita, ikisema kwa upole ule ule wa siku zote, Shagu, rudi nyumbani, magari yako yatajaa kazi, mimi nitakulinda, ya humu yaache humu.

Akaushika ukuta, akalia kidogo, kwa sababu alikuwa amemkumbuka sana.

"Mume wangu hakuniita Shagu," alisema hatimaye. "Na asingeniambia niache mtu ndani. Derek! Huu mlango."

Derek alikuwa mweupe kama chokaa, lakini aliutazama mlango kama alivyoitazama milango elfu moja iliyokataa kupitisha kochi. Kufuli hakuligusa. Aliziendea bawaba, akagonga pini moja, ya pili, ya tatu, akaukumbatia mlango mzima na kuulaza sakafuni.

Ndani, watu kumi na mmoja walisimama kati ya mapipa ya maji yanayochemka. Juu yao, kutoka darini, kilining'inia kitu kipana, cheusi, kilicholowa, kisicho na uso, na kila mmoja wao alipovuta pumzi, nacho kilijaa.

"Hawa ni wangu," kilisema kwa vinywa vyao vyote kumi na moja. "Nimepewa."

"Hakuna mwenye mtu wa kukupa," Shagufta alisema. Akaingia.

Mwanamke mmoja mwembamba, mikono imebabuka kwa dawa, aliinua kichwa. Akautazama mwanga wa ukumbini. Kisha akaanza kutembea, na kile kitu kikashuka kumzibia njia, kikamfunika mpaka miguu, na kutoka ndani yake wakaisikia sauti ya mwanamke mwenyewe, kavu, ya mtu aliyechoshwa:

"Pisha."

Akatokea upande wa pili. Wa pili akamfuata, na wa tatu. Alipopita wa kumi na mmoja hapakuwa na kitu darini ila mvuke, nao ukatoka kupitia mlango kama mvuke mwingine wowote. Polisi waliwakuta wote barabarani, wakipokezana makoti ya Derek na Shagufta; Malik walimkuta mlangoni, wakamchukua.

Wapo waliomlaumu Shagufta. Kwenye harusi moja wanawake walihama meza aliyokaa. Alikula biriani yake peke yake, akaomba aongezwe.

Yule mwanamke mwembamba aliitwa Talat, naye ndiye aliyetoa ushahidi mahakamani. Wakili wa Malik alikuwa amesikia habari za jini, akatabasamu mbele ya watu.

"Bibi Talat, tueleze. Ni huyo jini aliyekufungia miezi kumi na tisa?"

"Jini nilimwona," Talat alijibu. "Nilimzoea, kama mtu anavyozoea kunguni. Lakini jini hana mfuko wa kutia ufunguo."

Akanyoosha mkono wake wenye makovu kuelekea kizimbani.

"Mwenye mfuko ni huyo."