Samadi ya Siri kwenye Ngano ya Wanjira

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, mjukuu wangu Wanjira alizunguka nyuma ya zizi kumwagilia ngano yake. Tunaishi nje ya Kitengela, upande wa Isinya, na udongo wetu umechoka. Baba yake, Njogu, alikuwa amempa kazi: apande mistari mitatu ya mbegu yetu ya zamani na mitatu ya mbegu mpya aliyopewa shuleni, zote zitunzwe sawa. Itakayozaa zaidi ndiyo tungepanda shamba zima.

"Hiyo yenu ya shule ni ya kupigwa picha tu," kaka yake Gakuru alimtania. "Ya zamani itakuaibisha."

Mbegu mpya ikashinda. Masuke yalikuwa manene kama kidole changu gumba. Njogu akampa jirani yetu Moses mbegu yote ya zamani, halafu akanunua mpya, akaipanda ekari nne.

Ngano ikaota ya manjano. Ikafika magotini, ikakwama. Ukisugua suke mkononi, unapata makapi. Kwa Moses, kwenye udongo uliochoka kama wetu, mbegu ya zamani ilizaa angalau kidogo. Njogu akawa anakaa ukingoni mwa shamba, hata chai hataki.

Siku moja nilitaka kumchangamsha Wanjira. "Kitendawili."

"Tega, Cucu," akajibu; ndivyo anavyoniita mimi nyanya yake.

"Kila mwaka ananilisha, mimi simpi hata kijiko."

Akaanza kulia. "Ni udongo. Lakini mimi niliupa, Cucu. Mistari ya mbegu mpya niliiwekea samadi mkiwa kanisani. Ile mingine sikuiwekea."

Nikamshika mkono mpaka kwa baba yake.

"Baba, si mbegu iliyoshinda," akasema. "Ni samadi."

"Mbona hukusema tulipovuna?" Njogu akauliza.

"Mlikuwa mmefurahi sana."

Njogu akang'oa shina moja, akaitazama mizizi yake. "Hii watakula mbuzi. Unga wa mwaka huu tutanunua. Kuanzia kesho, wewe na Gakuru mtabeba samadi kutoka zizini mpaka ienee shamba zima." Akalitupa lile shina. "Mbegu mpya inakula sana, ya zamani inavumilia njaa. Ungeniambia ukweli, ningejua kila moja niipande wapi. Uongo wako ulikuwa wa mistari mitatu, Wanjira. Mimi nikaupanda ekari nne."