Uyoga wa Kichuguu Chetu

Kila asubuhi kabla ya shule nilichota maji, nikafagia uwanja, kisha nikakimbilia kichuguu kilicho nyuma ya migomba yetu hapa Rugera. Mvua ilikuwa imenyesha wiki mbili. Bibi Celestina alikuwa ametoka hospitali bila hamu ya kula, na aliomba kitu kimoja tu: uyoga wa kichuguu.

Siku ya tatu, hola! Hata mmoja! Nilikipiga kikapu teke. Njiani nikakutana na jirani yetu Mukashema, amebeba uyoga mweupe kwenye jani la mgomba.

"Mwizi!" nikafoka. "Umetumalizia uyoga wetu!"

"Mimi? Edith, huu ni wa kichuguu chetu. Njoo uone."

"Sitaki kuona!"

Akaondoka analia mbele ya wanafunzi wenzetu. Sikumjali. Kwa hasira nikachuma uyoga mwekundu chini ya mikaratusi, nikampelekea Bibi. Akautupa shimoni.

"Usioujua usiule, mjukuu wangu. Unataka nirudi hospitali?"

"Sasa nifanyeje?" Machozi yalinitoka. "Nimechoka, Bibi! Kichuguu kimetunyima!"

"Mwaka jana ulichumaje?"

Nikakumbuka. Mwaka jana niliona vichwa vya uyoga vinapasua udongo, nikataka kuwawahi wenzangu.

"Nilichimba kwa jembe," nikasema. "Nikakuta ndani vitu laini kama sponji, nikavitupa."

Bibi akashika kichwa. "Ole wangu! Hilo ndilo shamba la mchwa, na uyoga huota humo. Sisi hushika shina kwa mkono, tukalizungusha taratibu, na uliozeeka tukauacha."

"Hautaota tena?"

"Labda, mchwa wakijenga upya. Usiwaguse."

Nilikwenda kwa akina Mukashema nikiona aibu tupu. Mama yake alikuwa akimenya ndizi, Mukashema kando yake.

"Shikamoo, mama. Nilimwita Mukashema mwizi, naye hakuiba. Kichuguu nilikiharibu mwenyewe. Nisamehe, Mukashema."

"Umeniaibisha njiani," Mukashema akasema. Hata hivyo akanigawia nusu ya uyoga wake. "Mpelekee Bibi."

Jioni hiyo Bibi alimaliza sahani yote kwa mara ya kwanza tangu augue. Akaomba kidogo tena. Nikamwonyesha chungu kitupu, nikamweleza nilivyomwita Mukashema mwizi.

"Unaona, Edith?" akasema. "Mwenye pupa hujiibia mwenyewe, halafu humwita jirani mwizi."