Tumbo la Generoza na Kengele ya Baiskeli

Kila siku alfajiri Generoza alifagia uwanja wa bibi yake pale Kilosa, akachota maji bombani, akaoga na kuvaa sare. Kisha alikaa jikoni kusubiri maziwa. Maziwa yaliletwa na Mzee Lukasi kwa baiskeli, na mtaa mzima ulijua anakuja, maana aligonga kengele tangu kona ya msikiti mpaka mlangoni. Alikuwa mtu wa sauti kubwa na maneno mengi.

Generoza alikuwa na miaka kumi na alisoma darasa la nne. Alizaliwa na kukulia Dar es Salaam, yeye na mama yake tu. Kisha mama akapata kazi ya kupika katika hoteli moja ya Mikumi, akamwacha kwa Bibi Bibiana mpaka apate chumba cha kuwatosha wawili. Hapo bado hakukuwa na tatizo lolote. Bibi alikuwa mpole na chakula kilikuwepo.

Tatizo lilianza asubuhi moja, Mzee Lukasi alipomimina maziwa huku akimtazama Generoza kuanzia juu hadi chini.

"Huyu mtoto ni wetu," alisema. "Shule zikifungwa nampeleka Tabora akachunge ng'ombe wangu."

"Mchukue hata leo," bibi akajibu bila hata kutabasamu. "Ananimalizia unga."

Wakubwa wale wakaendelea na habari za mvua. Generoza alibaki ameshika kikombe bila kunywa. Siku iliyofuata mzee alirudia maneno yaleyale, na bibi akaongeza kwamba ampakie na mkeka wake. Basi Generoza akaanza kula kidogo ili unga usiishe. Pengine bibi angebadili mawazo.

Ndipo tumbo likaanza kuuma. Lilimnyonga kila asubuhi, likatulia mchana, likarudi kesho yake. Bibi alidhani ni maziwa, akayakatisha. Mzee Lukasi akawa anapita kusalimia tu, na tumbo likauma vilevile. Bibi akachemsha mwarobaini, mchungu kupita maelezo, na Generoza akaunywa huku machozi yakimtoka. Ikaja dawa ya minyoo. Jirani naye akasema hiyo ni yuutiiai, yaani ugonjwa wa njia ya mkojo, kwa sababu kwa jirani yule kila ugonjwa ni yuutiiai. Wiki ya tatu sketi ya shule ilishikiliwa kwa pini, na Generoza alikuwa amekosa masomo siku nne. Bibi aliingiwa na hofu kweli, akamshika mkono wakaenda zahanati.

Daktari Yusrah, dada mmoja mtaratibu, alimwamkia bibi kisha akampima Generoza damu, choo na mkojo. Vyote vilikuwa safi. Bibi akashusha pumzi, halafu akakunja uso na kusema kwamba kumbe mtoto anadeka tu, kesho atakwenda shule.

"Hadeki, bibi," alisema daktari. "Tumbo linamuuma kweli. Tumejua tu kwamba si minyoo wala malaria." Akamgeukia Generoza na kumuuliza taratibu, "Huwa linaanza wakati gani?"

Generoza aliinamisha kichwa. "Nikisikia kengele ya Babu Lukasi."

Yakafuata machozi, na ndani ya machozi yakatoka yote: Tabora, ng'ombe, unga na mkeka. "Mama ameniacha," alisema, "na bibi amekubali. Na shule zinafungwa wiki ijayo."

Bibi Bibiana alijishika mdomo. Alitaka kucheka, akajikuta analia, akamvuta mjukuu wake kifuani. Alimweleza kwamba wao ni Wasagara na Mzee Lukasi ni Mnyamwezi, na makabila hayo ni watani tangu enzi za mababu. Hutaniana harusini, hutaniana hata msibani, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Watoto wa Kilosa huyajua hayo kabla hawajaanza shule, kwa hiyo bibi hakukumbuka kwamba huyu ni mtoto wa Dar es Salaam.

Daktari alisubiri wamalize kufuta machozi. Kisha akamwambia Generoza kwamba mtu anapoogopa, mwili wote husikia: moyo hudunda, tumbo hukaza, njaa hupotea. Hofu ikikaa siku nyingi, mwili hudhoofika kama wa mgonjwa mwingine yeyote. Hakumpa kidonge hata kimoja. Alimwagiza ale vizuri, aongee na mama yake kwa simu siku hiyohiyo, na arudi kama maumivu yataendelea.

Hayakuendelea. Jumamosi mama alishuka kwenye basi la Mikumi, na Generoza alimkimbilia mpaka wote wawili wakakaribia kuanguka. Mchana akaingia Mzee Lukasi na kuku mkononi. Alipokea shikamoo ya Generoza, akakaa, na kwa mara ya kwanza akasema kwa sauti ndogo.

"Nisamehe, mjukuu wangu. Nilikutania kabla hujanijua. Hii ni faini yangu."

Generoza alimgeuzageuza yule kuku. "Babu, mbona amekonda? Ninyi Wanyamwezi mahindi yote mnakula wenyewe?"

Mzee Lukasi alicheka mpaka akakohoa, akaapa kwamba sasa amepata mtani wa kweli. Bibi naye alicheka, akachukua kisu na kumpeleka kuku nyuma ya nyumba.

Wakati wa kula Generoza aliomba wali mara ya pili, kisha mara ya tatu. Mama alimtazama kwa furaha, akamwekea na firigisi.

"Tumekosea sisi wakubwa," mama alisema. "Tulitazama tumbo tu, hatukutazama moyo. Na wewe usifiche tena kitu kinachokutisha, hata kama unaona aibu. Kuanzia leo ukisema unaumwa, tutakupeleka kupima, na tutakuuliza maswali mawili: umekula nini, na unaogopa nini."