Mikebe Miwili ya Nyanya

Kila asubuhi kabla ya kengele, Rumaisa wa Darasa la Saba, mtoto wa mji wa Faza pwani, alichota maji kisimani na kumwagilia tuta la nyanya la darasa lao. Alifanya hivyo kwa sababu aliambiwa afanye. Miche ya kwanza ilikufa. Ya pili ikaungua kingo za majani, nayo ikafa. Rumaisa hakulia wala hakukasirika. Moyo ulikuwa umekufa ganzi.

"Wewe ukipanda hata jiwe litanyauka," Harith, mwenzake wa darasani, alimtania.

Mwalimu Bochaberi, aliyewafundisha kilimo, alikuwa ametangaza kwamba miche ya tatu ikifa, tuta litapewa Darasa la Nane. Rumaisa alimfuata.

"Mwalimu, niambie nifanye nini."

"Sijui," mwalimu alisema. "Kwetu Kisii mvua ndiyo hunyunyiza. Wewe umeona nini?"

Swali hilo lilikuwa geni kwa Rumaisa. Alizoea kuuliza, kuambiwa, kisha kuandika.

"Udongo una ukoko mweupe," alisema mwishowe.

"Unadhani kwa nini?"

"Sijui."

"Basi dhani. Kisha tafuta njia ya kujua kama umekosea."

Alirudi kwenye tuta akauonja ule ukoko. Ulikuwa chumvi. Faza nzima inajua kwamba maji ya kisima ni ya kuoshea, na ya kunywa ni ya mvua, yaliyohifadhiwa katika jabia, lile birika kubwa la mawe. Rumaisa naye alijua tangu utotoni. Hakuwahi tu kufikiri kwamba nyanya nayo ina ulimi.

Nyumbani aliomba maji matamu.

"Mai ya jabia ni ya kunwa, mwanangu," mama yake alisema. "Mvua i mbali."

"Basi nitatoa kwenye kikombe changu, mama."

Mama alimtazama, akamwacha.

Alipanda mche mmoja mmoja katika mikebe miwili, udongo ule ule, jua lile lile. Mmoja aliupa maji ya kisima, wa pili nusu ya kikombe chake. Akangoja bila matumaini, koo limemkauka kwa kiu. Mche wa kisima ulipoanza kuungua, wa jabia ulitoa jani jipya. Rumaisa aliligusa kwa kidole, akaligusa tena. Machozi yakamtoka. Alikuwa na furaha, na ilimshangaza.

Aliipeleka mikebe darasani akaeleza.

"Na tuta zima utalipa maji gani?" mwalimu akauliza.

Safari hii hakungoja kuambiwa. "Tubadilishe udongo wa juu. Halafu kila jioni tumimine masalio ya maji ya kunywa ya chupa zetu kwenye ndoo moja."

Harith alikuwa wa kwanza kumimina. "Nyanya ya kwanza ni yangu," alisema.

Miche ya tatu ilishika, na tuta likabaki lao. Siku ya kuchuma, Mwalimu Bochaberi aliwakusanya.

"Ningekuwa na jibu ningempa Rumaisa, na kesho angenirudia kutaka jingine. Tazama, dhani, jaribu, ndipo uulize. Mwaka ujao huenda mimi nikahamishwa. Macho yenu hayahamishwi."