Picha ya Marehemu Ukumbini

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi wa projekta. Waombolezaji walikuwa wameshajaa ukumbini, na ukutani picha ya marehemu ilikuwa kijani tupu.

“Fundi, nakusihi, usiniaibishie mume wangu,” mjane alimlilia.

Projekta alishaibadilisha bila mafanikio. Kilichobaki ni waya mrefu uliopita darini, ukileta picha kutoka kwenye kompyuta. Akapanda, akatambaa gizani, mbao zikilia chini ya magoti yake, akitikisa kila kiungo huku mjane akimjulisha kutoka chini.

“Bado! Bado!”

Jasho likimchuruzika, akachomoa kiungo cha mwisho.

“Hapo hapo! Rangi imerudi!”

Fundi aliganda. Ncha moja ya waya ilikuwa mkono wa kulia, nyingine wa kushoto.

“Fundi,” sauti ya mjane ilitetemeka, “mbona sasa anatazama juu, huko uliko?”