Mwendo wa Mwidani

Asubuhi moja ya mwaka sitini na tatu, miezi michache kabla ya Uhuru, abiria walikuwa wakishuka feri ya Likoni kwa kusukumana. Katikati yao alikuwamo Mwanatatu, mwanafunzi wa ualimu, na furushi la karatasi chini ya buibui lake. Mtu akampiga kikumbo, kamba ikakatika, karatasi zikatapakaa chini.

"Simameni, jamani! Msizikanyage!" sauti ya kiume ikaamrisha.

Watu wakasimama kweli. Kijana mrefu aliyevaa shati jeupe lililonyooka kwa pasi akaziokota moja moja. Alikuwa akichechemea, bega likizama kila mguu wa kushoto ulipogusa chini.

"Bibi, mbona zote ni kuku yule yule?"

"Si yule yule. Tazama bawa. Zipekue upesi kwa kidole."

Akazipekua, na kuku akaruka. Kijana akacheka mpaka wapita njia wakageuka. Mwanatatu akamweleza kwamba chuoni kwao Changamwe walikuwa wakichora sinema ya watoto, itembezwe vijijini na gari la sinema, na kwamba kabla ya hapo wangefanya maonyesho ya michoro yao.

"Nami kazi yangu Changamwe," akasema kijana. "Karani wa bohari. Jina langu Mwidani."

Bohari lilikuwa na simu, na ofisi ya chuo ilikuwa na simu.

"Nataka kusema na yule bibi wa kuku."

"Abee. Nani mwenzangu?"

"Aliyekosa usingizi tangu Jumatatu."

"Basi nenda hospitali."

"Nimekwishapiga simu hospitali, bibi. Ndiyo hii."

Miezi miwili wakawa wakitembea pamoja kila Jumamosi mchana, kutoka chuoni hadi kituo cha basi. Mwanatatu alikuwa na ombi lake moja.

"Tangulia, mpenzi, nikutazame."

Mwidani akitangulia, kifua mbele, anauliza bila kugeuka, "Wanitazama?"

"Nakutazama."

Na kweli alimtazama. Akirudi kwao Likoni anachora: kisigino, bega linalozama, mkono unaopepea. Sinema ilihitaji mtu wa kuchekesha. Karatasi thelathini na mbili zikamzaa Bwana Chopi, aliyechechemea kwa madaha mpaka akaangukia karai la uji. Mwidani hakuambiwa. Mwanatatu alijiambia hakuna atakayemtambua, kisha akaacha kulifikiria.

Jumamosi, siku ya kwanza ya maonyesho, ukumbi ulijaa. Palikuwa na minazi ya mbao, vijumba vya makuti vilivyopakwa rangi na mbuzi wa udongo. Mezani palikuwa na kisanduku chenye mkono wa kuzungusha. Ukiuzungusha, michoro hufuatana mbio na Bwana Chopi hutembea. Watoto wa shule walipanga foleni, wakicheka hata kushika mbavu.

Saa kumi Mwidani akaingia, kanzu nyeupe pe, koti jeusi, ananukia marashi. Alikuwa amesema kwamba akishayaona maonyesho atazungumza na wazee wake habari ya posa. Mtoto mmoja kwenye foleni akamwona akija.

"Bwana Chopi! Bwana Chopi kaja!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mwalimu Odhiambo, mkuu wa maonyesho, akamwinamia Mwanatatu. "Huyu bwana ni mtu wako?"

"Simjui, Mwalimu."

Neno lilitoka kabla hajalifikiri, na Mwidani alilisikia. Akakisogelea kisanduku, akazungusha, akajiona anatembea, akajiona anaanguka.

"Una mkono mzuri, bibi," akasema, kama mgeni anayemwambia mgeni, akatoka.

Hata wakati ule macho ya Mwanatatu yalikifuata kisigino chake, yakaona kwamba alikuwa amekichora sawasawa. Hilo lilimwaibisha kuliko vicheko vyote.

Jumatatu akapiga simu bohari.

"Mwidani hayupo," ikajibu sauti ya Mwidani mwenyewe.

Jumanne ikajibu vivyo hivyo. Jumatano, siku ya mwisho ya maonyesho, mabwana wa gari la sinema walikuja kuchagua michoro, nao wakamtaka Bwana Chopi kwanza. Mwanatatu akazitoa karatasi kisandukuni.

"Hizi haziendi. Mwendo huu nimeuiba kwa mtu ninayemjua. Jumamosi nilisema simjui. Nilisema uongo mbele yenu nyote, naye akisikia."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu Odhiambo alitazama viatu vyake. Mwanatatu akazifunga karatasi, akaenda bohari kwa miguu.

Mwidani alikuwa peke yake mezani. Hakumkaribisha kiti.

"Ulipokuwa ukiniambia nitangulie, nilidhani wanipenda."

"Nilikuwa nakupenda."

"Na kalamu kichwani."

"Na kalamu kichwani," akakiri, macho chini.

"Nilianguka mnazini nikiwa na miaka tisa. Tangu siku ile sijaanguka tena, Mwanatatu. Umeniangusha wewe, kwenye uji." Akaweka kalamu yake chini. "Hata hilo ningelicheka, wallahi. Ungeniuliza, ningetembea chumba kizima mpaka uchoke kuchora. Lakini kusema 'simjui'?"

"Niliona haya. Ya kuchekwa pamoja nawe. Sasa naona haya ya kuona haya." Akaziweka karatasi mezani. "Zichome. Nimekwishawaambia wote chuoni kwamba nakujua."

Mwidani hakuzichoma. Alizitia kwenye mtoto wa meza, akafunga kwa ufunguo.

"Mwambie mama yako, Ijumaa wazee wangu watakuja Likoni."

Mwanatatu akainua uso. "Umenisamehe?"

"Bado. Usijidanganye."

"Sasa wazee waja kufanya nini?"

"Kukuposa."

"Na huko kusamehe?"

"Sijui kutachukua muda gani," akasema Mwidani. "Ndiyo maana nataka uwe karibu."

"Nitangoja," akajibu Mwanatatu, akijifuta macho kwa ncha ya buibui. Hakuthubutu kumshika mkono mpaka Mwidani alipounyoosha mwenyewe.