Hereni za Narin

Walikutana Soko la Osh, mjini Bishkek, mbele ya tanuru la sambusa, kila mmoja kaishika upande wake sambusa moja iliyobaki.

"Foleni inaanzia nyuma yangu, kaka," alisema Ayzirek, kofia yake nyekundu ya sufu imemshuka hadi kwenye nyusi.

"Kwani wewe ndiye mkuu wa foleni?"

"Mimi kiongozi wa darasa. Wakorofi nimewazoea."

Bektur, mwanafunzi wa udaktari wa mifugo, koti lake la buluu linanuka kondoo, aliikata sambusa katikati akampa kipande kikubwa. Tangu siku ile akawa anamwita Kiongozi, naye Ayzirek akawa anajifanya hapendi.

Ulipokaribia kutimia mwaka, akapelekwa Narin, milimani, kumwona mama yake Bektur. Mama mfupi, mcheshi, alimlisha hadi akashindwa kuinuka, kisha akafungua leso. Ndani mlikuwa na hereni za fedha zenye vijiwe vyekundu. Kwao, siku ya posa mama mkwe humvisha binti hereni kwa mikono yake, na hizi yeye mwenyewe alivishwa na mkwewe.

"Zinakusubiri wewe," alisema.

Ayzirek akainamisha uso kwa haya. "Asante, shangazi."

Sasa sikia balaa. Mwezi wa kumi chuo kilimpa Ayzirek kazi ya kuwaonya wenzake juu ya matapeli wa mitandaoni. Akabandika matangazo kuta zote za bweni: USIMPE MTU NAMBA YA SIRI. Akasimama darasani, akawaambia, "Anayetapeliwa siku hizi kataka mwenyewe." Watu walicheka, na yeye akacheka.

Siku nne baadaye mkuu wa kitivo akamwandikia kwenye Telegramu. Picha ni yake, tai ya mistari ni yake, hata ile tabia ya kuwaita wanafunzi "wanangu" ni yake. Orodha ya mahudhurio inahamishwa, aliandika, utapokea namba, nitumie upesi, niko kikaoni. Kiongozi wa darasa hamhoji mkuu wa kitivo. Akitumwa anakwenda, na ndiyo maana alichaguliwa. Ayzirek akaituma namba huku anapanda ngazi. Alipofika juu, akaunti yake ilikuwa imeshamfungia nje.

Akabaki kasimama chini ya tangazo lake mwenyewe, masikio yanamwaka moto. Angesema saa ileile, angechekwa siku mbili na mambo yakaisha. Hakusema. Alifungua akaunti mpya, akadai simu imeanguka kwenye maji, akajikaza kisabuni siku tatu nzima.

Siku ya nne Bektur akapiga.

"Kiongozi, umemwandikia mama yangu?"

"Mimi?"

"Umemwambia chuo kinakufukuza kwa ajili ya ada, na kwamba mimi nisijue. Ameuza hereni, Zirek. Kashuka nazo sokoni peke yake, kauza, kakutumia. Leo dada yangu ndiye kaikuta leso tupu."

Kusema "nimetapeliwa" lilikuwa neno moja tu, liko kwenye ncha ya ulimi. Lakini akaliona lile tangazo ukutani, akauona na uso wa Bektur unacheka.

"Nisamehe," akasema.

"Kwa hiyo ni kweli."

"Bektur, subiri."

"Ungeniomba mimi. Ningeuza hata hili koti linalonuka." Akakata simu.

Ayzirek alilia hadi macho yakavimba, na kilichomliza zaidi ni kwamba hakuwa na wa kumlaumu. Kesho yake, kabla mwalimu hajaingia, akasimama mbele ya darasa.

"Mliopata ujumbe wangu wiki hii, si wangu. Nilimpa tapeli namba ya siri. Mimi, mwenye matangazo. Kisha nikaona aibu nikanyamaza, na siku nilizonyamaza ndizo alizofanyia kazi."

"Kumbe na kiongozi naye kaingia mkenge," mmoja akaguna kule nyuma. Ndipo Kanyshai, msichana akaaye dirishani, akasema taratibu, "Mimi yalinipata mwaka jana. Sijawahi kumwambia mtu."

Ayzirek akatoka nje, akampigia Bektur, akamwaga yote kwa pumzi moja.

"Mbona hukuniambia siku ileile?"

"Ungenicheka."

"Ningekucheka, ndiyo. Ningekucheka mpaka jioni, halafu ningempigia mama asitume." Akashusha pumzi. "Na mimi nimekosa. Nimemwamini mwizi kuliko wewe. Vaa koti, twende Narin."

Walimkuta mama anakanda unga. Ayzirek aliinama mlangoni, akamsimulia kila kitu, hata ile simu iliyokatwa, bila kuinua macho.

"Siwezi kuzirudisha, shangazi. Nimekuja unikaripie."

Mama hakukaripia. Yeye ndiye uso ulimwiva. "Mjinga ni mimi. Ningepaswa kujua kuwa si wewe, maana huniiti hivyo."

"Nakuitaje?"

"Yule aliniita mama. Kila ujumbe, mama, mama. Tangu siku ulipokuja hapa nasubiri uniite hivyo, nikasema leo kaniita. Angeomba na ng'ombe ningeuza." Akatazama unga mikononi. "Niliona aibu kumwambia hata binti yangu."

Bektur akageukia dirisha.

Mama akainua mikono, akavua hereni zake za kila siku, za shaba, zilizochakaa. "Zimebaki hizi. Kama unazitaka."

"Mama, mimi mwenyewe sijamposa," alisema Bektur.

"Wewe utaposa ukishajifunza kuuliza kabla ya kukata simu."

Ayzirek akasogeza nywele nyuma ya masikio. Vidole vya mama vilikuwa vimejaa unga, na vilichukua muda kuyapata matundu.

"Asante," alisema Ayzirek, na neno la kufuata likamkwama, kama lilivyomkwama siku ile ya leso. Akalisukuma. "Asante, mama."

Mama akamshika mashavu kwa mikono yake ya unga.

"Sema tena," alisema. "Nisikie kama ni wewe."